Somo la Jinai: Tafauti ya Mtuhumiwa, Mshitakiwa na Mwenye Hatia

Ndugu msomaji, somo hili ni la mwanzo katika ilimu ya jinai, yaani ilimu ya makosa ambayo Serikali humtia mtu adhabuni kwa ajili yake. Tumelipanga kwa wanafunzi waanzao, na khasa kwa vijana wetu wa Pwani, wa Tanga na Pangani, wa Mombasa na Unguja, waliopanda mpaka Arusha kutafuta riziki, wakakaa huku Kwa Mrombo, pembezoni mwa mji. Jina lenyewe lamaanisha kwa mtu wa Rombo, kule Kilimanjaro. Wala leo hapana kabila lisilokuwa na mtu wake hapa, sokoni na kwenye mabanda ya nyama choma.

Sababu ya kuliandika ni hii. Katika masoko yetu, ya bara na ya Pwani sawasawa, mtu mmoja hupiga kelele "Mwizi!", na watu wengi wakamkimbilia aliyeitwa jina hilo. Mara nyingine hupigwa kwa mawe na magongo, hata akachomwa moto, akafa kabla hajaulizwa jina lake. Na miongoni mwa wapigao huwamo watu wema, wenye wake na watoto, waliotoka nyumbani kwenda kununua mchele. Hawa hawajui kwamba katika sheria jina la mwizi halitolewi na soko. Wala hawajui kwamba wao wenyewe wameingia katika kosa lililo kubwa kuliko la kuiba. Basi msomaji asipohifadhi katika somo hili ila tafauti ya maneno matatu, mtuhumiwa, mshitakiwa na mwenye hatia, atakuwa amepata faida, na pengine atakuwa ameokoa roho ya mtu.

Tutapiga mfano mmoja, nasi tutaurejea mpaka mwisho. Si kisa cha mtu fulani. Ni mfano wa kusomesha tu, kama walivyozoea waalimu wetu kumtaja Zaidi na Amri. Zaidi auza viatu sokoni. Alasiri yatia mkono mfukoni, haioni simu yake. Atazama mbele, amwona Amri akenda mbio. Apiga kelele: "Mwizi!"

MAANA YA JINAI

Jinai ni kitendo, au kuacha kutenda lililo wajibu, ambalo sheria imelikataza na kuliwekea adhabu. Yatubidi tulitenge na mambo mawili yanayofanana nalo.

La kwanza ni dhambi. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake. Kusengenya ni dhambi, wala polisi hamkamati msengenyaji. Na kuendesha gari pasipo leseni ni kosa mbele ya hakimu, hata ikiwa dereva hakumdhuru mtu. Mambo mengi huwa dhambi na jinai pamoja, kama kuua na kuiba. Lakini mwanafunzi asidhani kwamba kila lililo hili ni lile.

La pili ni madai. Amri akikopa fedha za Zaidi asilipe, hiyo ni kesi ya madai. Zaidi huitwa mdai na Amri mdaiwa, na mwisho wake ni kulipa deni au fidia. Lakini Amri akiiba fedha hizo, hiyo ni jinai. Zaidi si mwenye kesi tena, bali ni mlalamikaji na shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri, kwa kuwa aibaye sokoni huvunja amani ya watu wote. Amri huitwa mshitakiwa, na mwisho wake, akipatikana na hatia, ni adhabu: faini, kifungo, au nyingine iliyotajwa na sheria.

Makosa haya yameandikwa. Kwa Tanzania Bara yamo katika Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za nchi. Kwa Zanzibar ni Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018. Na kwa Kenya ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Ile ya Bara na ile ya Kenya ni ndugu. Asili yao ni kanuni za mwaka 1930, zilizoshika mahali pa Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi waliyokuwa wakiitumia Waingereza katika nchi hizi. Kwa hivyo asomaye somo hili Arusha hatapotea sana akienda Mombasa. Ama makadhi wa Zanzibar na Kenya, wao huhukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Kesi za jinai si zao.

Tena jua ya kwamba mtu hahukumiwi kwa jambo ambalo, siku alipolitenda, halikuwa kosa katika sheria. Hilo limewekwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13.

NGUZO MBILI ZA KOSA

Kosa la jinai, katika makosa mengi yaliyo makubwa, lina nguzo mbili: kitendo na nia. Ikianguka moja, kosa halisimami.

Kitendo ni lile jambo la nje lionekanalo: kuchukua, kupiga, kuchoma, kughushi. Mawazo peke yake si jinai. Mtu akikaa barazani akatamani simu ya jirani yake mchana kutwa, hakimu hana neno naye. Lakini akinyosha mkono kuichukua, akashikwa kabla hajaipata, hilo huitwa jaribio la kutenda kosa, nalo lina adhabu yake.

Nia ni lile la ndani. Neno hili si geni kwenu, kwani mtoto wa chuoni ajua kwamba kushinda na njaa pasipo nia si saumu. Katika jinai vile vile, sura ya kitendo haitoshi. Tazama wizi: sheria yataka mchukuzi awe amechukua mali ya mwenziwe kwa hila, pasipo dai la haki. Mtu akitoka katika hoteli akachukua mwavuli wa mwingine, naye aamini kwa moyo safi kwamba ni wake, amekosea, lakini si mwizi. Kitendo kipo, nia haipo.

Na kwa kuuana, nia ndiyo ipambanuayo kosa na kosa. Aliyeua kwa nia ovu, sheria humwita muuaji wa kukusudia. Aliyeua kwa kitendo kilicho haramu katika sheria, lakini pasipo nia hiyo, kosa lake ni kuua bila kukusudia, na hakimu aweza kupima adhabu yake. Hapa wengi hukosea. Husema: "Mimi sikutaka afe, nalitaka kumtia adabu tu." Nia ovu haitaki mtu awe amesema moyoni "namwua." Yatosha kwamba alikusudia kumdhuru vibaya, au alijua kwamba kitendo chake chaweza kuleta mauti, asijali. Na ampigaye mtu jiwe la kichwa, au ammwagiaye petroli, ni vigumu kuikanusha ilimu hiyo.

WENYE UDHURU

Sheria imewaangalia watu ambao kitendo chao kina sura ya kosa lakini wana udhuru. Katika Tanzania Bara mtoto aliye chini ya miaka 10 hahukumiwi kwa jinai. Aliye chini ya miaka 12 naye hahukumiwi, illa ithibitike kwamba alikuwa na akili ya kujua kuwa hapaswi kutenda alilotenda. Mwenye wazimu uliomwondolea kujua atendalo ana udhuru. Aliyedhani jambo kwa uaminifu na kwa sababu ya maana, ikawa sivyo, huhukumiwa kama kwamba lile alilodhani lilikuwa kweli. Na mwenye kujitetea, au kutetea mali yake, ana haki ya kutumia nguvu; lakini ni nguvu ya kadiri ya hatari iliyopo. Mwizi akiisha kushikwa na kufungwa mikono, hatari imekwisha, na haki ya kujitetea imekwisha pamoja nayo. Kofi lipigwalo baada ya hapo si utetezi.

Ama kutojua sheria si udhuru. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuisoma.

MZIGO WA USHAHIDI

Suali: Nani apasiwaye kuleta ushahidi, mwenye kushitaki au mwenye kushitakiwa?

Jawabu: Mwenye kushitaki. Mshitakiwa hapaswi kuonyesha kwamba hakutenda. Ni Jamhuri ipaswayo kuonyesha kwamba alitenda, na kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana. Katika madai yatosha upande mmoja wa mizani kuwa mzito kuliko wa pili. Katika jinai haitoshi. Ikibaki shaka ya maana, faida ya shaka hiyo ni ya mshitakiwa, naye huachiwa. Waliosoma fiqhi hawatalishangaa jambo hili, kwani wanavyuoni nao wamemtwika mdai mzigo wa ushahidi, na wamezuia adhabu kubwa penye shaka.

Kesi mashuhuri ya mlango huu ni ya Uingereza. Mwaka 1935 kijana mmoja wa mashamba, Reginald Woolmington, alishitakiwa kwamba amempiga mkewe risasi, naye akasema bunduki imefyatuka bila kukusudia. Jaji aliyesikiliza kesi aliliambia baraza la wazee kwamba ni juu ya kijana kuthibitisha hayo. Alihukumiwa kufa. Baraza la Malodi likaitangua hukumu hiyo, likasema ni juu ya mwenye kushitaki kuithibitisha nia, si juu ya mshitakiwa kuikanusha. Msingi huo ndio ushikwao katika mahakama zetu za Afrika ya Mashariki.

Tafauti moja na fiqhi yafaa kujulikana. Katika fiqhi idadi ya mashahidi imewekwa, kama wanne katika zinaa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 haikuweka idadi: shahidi mmoja wa kuaminika aweza kutosha, na kumi wasioaminika wasitoshe. Kwa hivyo mahakama hupima ushahidi, haihesabu vichwa. Na katika yote ipimayo, yenye khatari zaidi ni kauli ya shahidi asemaye "nilimwona." Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ilifundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, haufai kutegemewa mpaka njia zote za kukosea ziwe zimezibwa. Shahidi aulizwe: Ulimwona kwa muda gani? Mlikuwa mbali kadiri gani? Palikuwa na mwanga wa namna gani? Ulikuwa ukimjua kabla ya siku hiyo? Kulikuwa na kitu kilichokuziba?

Sasa mrejee Zaidi. Alimwona Amri mgongo tu, kwa nukta chache, katikati ya watu, wala hamjui. Hakuuona mkono wake mfukoni. Aliona mtu akenda mbio. Mahakama ya Rufani isingemfunga mtu hata siku moja kwa ushahidi huo. Na soko laweza kumchoma moto kwa ushahidi ule ule.

MAJINA MATATU

Mtuhumiwa ni mtu aliyeshukiwa. Jina hili halimwongezei hatia yo yote. Maana yake ni kwamba pana jambo la kuulizwa. Akikamatwa, hupelekwa kituo cha polisi, huambiwa sababu ya kukamatwa, na kwa desturi ya sheria yapasa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mara itakapowezekana. Aweza kuomba dhamana, yaani kuachiwa kwa ahadi na wadhamini kwamba atahudhuria. Lakini kwa makosa kama uhaini na mauaji ya kukusudia, sheria ya Tanzania Bara haitoi dhamana.

Mshitakiwa ni mtuhumiwa aliyesomewa shitaka mbele ya hakimu, kutoka katika hati ya mashitaka itajayo kosa gani, siku gani, mahali gani. Huulizwa: ni kweli au si kweli? Akikana, mashahidi huletwa, naye ana haki ya kuwauliza masuali na kuleta wake. Katiba yasema asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike.

Mwenye hatia ni yule ambaye mahakama imeisikiliza kesi yake, ikatoa hukumu kwamba ametenda. Hapo tu ndipo jina la mwizi lilipo halali juu yake, na hata hapo ana haki ya rufani.

Baina ya jina la kwanza na la tatu pana njia ndefu, nayo imewekwa ndefu makusudi. Kelele ya sokoni humtoa mtu katika la kwanza na kumtia katika la tatu kwa pumzi moja.

KUSUDI LA PAMOJA

Suali: Walipokuwa watu hamsini, na kila mmoja alipiga mara moja, nani muuaji?

Jawabu: Sheria ina mlango uitwao kusudi la pamoja. Watu wawili au zaidi wakiungana katika jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatokea kosa ambalo ni tokeo la jambo lile, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Si lazima wawe wamefanya shauri kabla. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Tabulayenka ya mwaka 1943, ilionyesha kwamba kusudi la pamoja laweza kujulikana kwa kuwapo kwa mtu, kwa vitendo vyake, na kwa kutojitenga kwake na lile shambulio. Lihifadhi neno la mwisho: kutojitenga. Aliyeingia katika kundi, akaleta tairi au kiberiti, hawezi kusema "mkono wangu haukupiga."

Basi tazama mizani. Wizi wa simu, kama ulikuwako, ni kosa la kifungo. Mauaji ya kukusudia ni kosa ambalo Kanuni ya Adhabu iliwekea kunyongwa, pasipo jaji kuwa na hiari. Sharti hilo la kumnyima jaji hiari lililaumiwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika hukumu ya Ally Rajabu na wenziwe ya tarehe 28 Novemba 2019. Tanzania ikaamriwa kuliondoa. Mahakama ile ilitaka hata aliyepatikana na hatia ya kuua apimwe mambo yake kabla ya kuadhibiwa. Iwapo huyo yapasa apimwe, aliyeshukiwa simu yastahili asipimwe?

MAKOSA MAKUBWA NA MAHAKAMA YA ARUSHA

Huenda msomaji akasema: "Utaratibu huu ni wa makosa madogo. Palipo na uovu mkubwa, watu hawawezi kungoja." Jawabu lake lilitolewa katika mji huu wa Arusha.

Mwaka 1994, tangu Aprili mpaka Julai, Watutsi mamia ya maelfu waliuawa katika Rwanda. Tarehe 8 Novemba mwaka ule, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na kikao chake kikawekwa Arusha. Hukumu yake ya kwanza ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998, juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, naye akafungwa maisha.

Mwanafunzi wa jinai atazame mambo mawili hapo. La kwanza ni nia. Kosa la kimbari halithibitiki kwa wingi wa maiti peke yake; yapasa ithibitike nia maalumu, ya kuangamiza kabila au taifa au watu wa dini, wote au sehemu yao, kwa kuwa wao ni wao. Mahakama ililazimika kuitafuta nia hiyo katika maneno na matendo ya mshitakiwa. La pili ni ushahidi. Akayesu alishitakiwa kwa makosa 15; alitiwa hatiani kwa 9, akaachiwa katika 6. Na mpaka mahakama ile ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, katika watu 93 walioandikiwa mashitaka, 14 waliachiwa kwa hukumu ya kutokuwa na hatia.

Watu kumi na wanne. Walitajwa katika uovu mkubwa kuliko wote waujuao wanadamu, wakaitwa washitakiwa, wakasikilizwa, wakatoka. Lau wangalihukumiwa kwa kelele, wangalikufa pamoja na wenye hatia. Basi iwapo katika mji huu mtu aliyeshitakiwa kwa damu ya maelfu alipewa wakili na mkalimani na siku za kusikilizwa, Amri wa Kwa Mrombo, aliyeshukiwa simu moja, hastahili hata kuulizwa kwa nini anakwenda mbio?

LIPASALO

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 haikukuacha mikono mitupu, ewe mwenye mali. Umemwona mtu akikuibia kwa macho yako: waweza kumkamata, ingawa wewe si polisi. Lakini yakupasa kumkabidhi kwa polisi pasipo kuchelewa. Kumkamata ni haki yako. Kumhukumu si kazi yako. Nawe uliyepita njia ukakuta kundi, jitenge nalo, ita polisi au viongozi wa mtaa, na ukiweza sema kwa sauti: "Tumsikilize kwanza." Sauti moja iliyotulia yaweza kutosha. Tena ukiwa shahidi, usikimbie kazi yako. Enda ukaseme ulichokiona, si ulichokisikia. Wengi hulalamika kwamba wezi huachiwa na mahakama, nao ndio wale wale walioitwa ushahidini wasende. Tena tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama za Tanzania katika daraja zote, basi hatuna udhuru wa kusema hatukuyajua maneno yake.

Ama mfano wetu umalizike hivi. Amri alikuwa akiliwahi basi la Tanga. Na simu ya Zaidi iko juu ya meza ya banda la nyama choma, pale alipokula adhuhuri, mwenye banda ameifunika kwa bakuli asije akaichukua mtu.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Nini tafauti ya mdaiwa na mshitakiwa?
2. Mtu amechukua baiskeli ya mwenziwe, naye aamini kwa moyo safi kuwa ni yake. Nguzo ipi ya wizi imeanguka?
3. Asemaye "nalitaka kumtia adabu tu," akiwa amepiga kwa jiwe la kichwa, ana udhuru?
4. Taja masuali manne ambayo shahidi wa kumtambua mtu yampasa aulizwe.
5. Nani aweza kumwita mtu mwizi, na lini?

Msomaji ayajibu haya pamoja na watoto wake, kabla hawajatumwa sokoni. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.